Nani Atashinda? Maneno Machache Juu ya Utabiri wa Sataranji

(Hotuba kwa wanafunzi na wanafunzi wa zamani, Issuna)



Katibu wetu aliniomba niseme juu ya maandalizi ya ushindi. Kwa ruhusa yake nitasema juu ya jambo linalotangulia ushindi, yaani yale maneno ya kabla ya mchezo, watu wanapoulizana nani atashinda, na kila mmoja anajibu kwa sauti kubwa kana kwamba amekwisha kuyaona matokeo. Mfano wangu ni sataranji, ambayo vijana wengi huiita chesi. Asiyeijua asihofu. Bila shaka amepata kukaa kando ya bao, akawasikia watazamaji. Namua haijakwisha, kete bado zimo mkononi, na tayari mzee mmoja amekwisha kuhukumu: "Huyu kaliwa!" Kisha mtaji unaanza, na yule aliyekwisha kuzikwa anazoa nyumba ya mwenzake.

Basi, mwezi wa Aprili 2024 walikutana mjini Toronto, Kanada, wachezaji wanane katika mashindano ya wagombea wa taji la dunia. Mshindi mmoja tu ndiye angepata haki ya kupambana na bingwa wa wakati ule, Ding Liren wa China. Kila mtu hukutana na kila mwenzake mara mbili, jumla michezo 14. Ukishinda unapata pointi moja, mkitoka sare kila mmoja nusu. Hakuna mtoano, na hakuna bahati ya kupangiwa mnyonge na kumkwepa mwenye nguvu.

Kwa majuma kadhaa kabla ya siku ya kwanza, wajuzi wa mchezo huu walitabiri. Nao hawakutabiri gizani. Shirikisho la dunia, FIDE, lina kipimo cha nguvu ya kila mchezaji, kinachopanda na kushuka kwa matokeo yake. Fabiano Caruana wa Marekani alikuwa na 2803, Hikaru Nakamura, naye wa Marekani, 2789. Alikuwapo pia Ian Nepomniachtchi wa Urusi (jina hili lataka mtu anywe maji kwanza), aliyekuwa ameyashinda mashindano hayo hayo mara mbili mfululizo. Chini yao, wa sita kwa kipimo kati ya wanane, alikuwa kijana wa India, Gukesh Dommaraju, mwenye 2743. Umri wake ulikuwa miaka 17, yaani rika la ninyi mlioketi safu za nyuma.

Magnus Carlsen wa Norway, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 2013 hadi 2023, alipoulizwa alisema waziwazi kwamba haoni jinsi Gukesh atakavyoshinda. Kwa maoni yake kijana yule angeshinda michezo miwili hivi, lakini angepoteza isiyopungua mitano. Ndugu zangu, msimcheke Carlsen. Wengi walifikiri kama yeye ila hawakuthubutu kutaja hesabu. Mimi namheshimu mtu anayetabiri kwa namba kabla ya mchezo, kuliko yule anayekuja baada ya mchezo akasema, "Nilijua tu."

Michezo ilianza saa nane na nusu mchana kwa saa za Toronto, ambayo kwetu ni saa tatu na nusu usiku. Kwa hiyo tuliokuwa tukifuatilia huku Tanzania tulifuatilia kwa simu, wengine wakiwa wamelala. Katika duru ya saba Gukesh alibanwa na saa, akafungwa na Alireza Firouzja wa Ufaransa. Wengi tulidhani utabiri umeanza kutimia. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba siku ya mapumziko iliyofuata alijisikia vizuri ajabu, na kwamba kushindwa kule kulimpa nguvu mpya. Hakufungwa tena. Alimaliza na pointi 9: michezo mitano ameshinda, minane sare, mmoja tu amepoteza. Nakamura, Caruana na Nepomniachtchi walifungana kwa pointi 8 na nusu kila mmoja. Siku ya mwisho Caruana na Nepomniachtchi walikaa mezani hadi hatua ya 109, kila mmoja akijua kwamba sare haimfai, nao wakatoka sare. Huku kwetu usiku wa manane ulikuwa umepita zamani.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Watabiri walikosea wapi? Kwa maoni yangu hawakukosea sana katika kupima nguvu. Caruana na Nakamura walicheza kama watu wa juu, na mwisho walipungukiwa nusu pointi tu. Kosa lilikuwa kwamba walitazama kileleni peke yake. Waliulizana kama Caruana atamfunga Nakamura, au Nakamura atamzuia Nepomniachtchi. Nani aliuliza habari za Vidit Gujrathi? Yeye alikuwa wa saba kwa kipimo, na taji hakulikaribia. Lakini alimfunga Nakamura mara zote mbili walipokutana! Fanyeni hesabu wenyewe. Kama Nakamura angeambulia sare moja tu kwa Vidit, angekuwa na pointi 9 sawasawa na Gukesh. Kwa upande mwingine, Gukesh alimfunga mara zote mbili Nijat Abasov wa Azerbaijan, aliyekuwa wa mwisho kwa kipimo na akamaliza wa mwisho. Pointi inayotoka kwa mtu wa nane ina uzito ule ule wa pointi inayotoka kwa mtu wa kwanza. Ndiyo sababu mimi nikitaka kutabiri ligi yoyote, huanza kusoma orodha kutoka chini kwenda juu, nikiuliza: huyu wa chini atamsumbua nani?

Habari haikuishia hapo. Mwezi wa Novemba na Desemba mwaka ule ule Gukesh alikutana na Ding huko Singapore, na watabiri wakageuka. Ding hakuwa amecheza vizuri kwa muda mrefu, kwa hiyo sasa ikasemwa kwamba kijana atashinda kwa urahisi. Mchezo wa kwanza tu Ding akashinda, tena kwa kete nyeusi. Ilipofika siku ya mchezo wa 14, ambao ndio wa mwisho, walikuwa 6 na nusu kwa 6 na nusu. Siku hiyo, tarehe 12 Desemba 2024, mchezo ulikuwa ukielekea sare, Ding akaisogeza ngome yake mahali pasipofaa, na Gukesh akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Watabiri walimpata mshindi, lakini ule urahisi waliousema haukuonekana.

Mtaniuliza, Afrika iko wapi katika habari hii? Toronto hatukuwa na mtu, wala hatukupata kuwa na mtu katika mashindano hayo ya wagombea tangu yaanze. Lakini katika juma lile lile la mwisho la Toronto, Mnijeria Tunde Onakoya alikuwa amekaa mjini New York, katika uwanja wa Times Square, akicheza sataranji kwa saa 60, ili kuchangisha fedha za elimu ya watoto wa Afrika. Na majirani zetu wa Uganda walimtoa Phiona Mutesi katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala. Mwaka 2012, baada ya kuichezea nchi yake huko Istanbul, alipata cheo cha kimataifa cha wanawake. Sijui karatasi ya mtabiri gani ingeliweka jina la binti wa Katwe.

Nimetaja karatasi kwa makusudi. Nje ya bwalo imebandikwa orodha ya wanafunzi 12 wanaocheza sataranji shuleni hapa, imepangwa na wanafunzi wenyewe, kutoka anayedhaniwa ni bora hadi anayedhaniwa ni dhaifu. Naambiwa lipo shauri la kuwachukua wanne wa juu wakacheze na shule jirani, bila ya wale 12 kushindana kwanza, ili kuokoa muda. Nimesoma majina. Wanne wa juu wote ni wa kidato cha nne, na wanne wa chini wote ni wa kidato cha kwanza. Basi hiyo ni orodha ya umri, si ya sataranji! Na mtoto wa kidato cha kwanza anayeachwa leo kwa karatasi hatapata siku ya kumjibu aliyeiandika, maana mwakani wakubwa watakuwa wameondoka na yeye hajawahi kukaa nao mezani.

Muda haupotei kama mnavyodhani. Watu 12, kila mmoja akikutana na kila mwenzake mara moja, ni michezo 66. Mkiwa na mbao sita, michezo sita itachezwa kwa pamoja, na yote itakwisha kwa jioni 11. Kila mtu akipewa dakika 20 za kufikiri, hakuna mchezo utakaozidi dakika 40, na kengele ya masomo ya usiku itawakuta mmekwisha kunawa.

Wakati huo huo karatasi ile isichanwe. Kila anayependa aandike utabiri wake, ataje sababu, aweke katika bahasha na kumkabidhi Mwalimu wa Michezo, zifunguliwe jioni ya 11 mbele ya wote. Mimi yangu nimekwisha kumpa asubuhi hii, nayo nimeianzia chini.

Mwalimu wa Michezo ameniambia mbao zilizopo ni nne. Nyingine mbili, pamoja na saa zake, zimo ndani ya gari langu, na ningeomba vijana wawili waje tuzishushe kabla ya chakula.