Dawa ya Kibofu na Homa Isiyoisha

Mazungumzo ya afya kwa wananchi wa Makutano, Meru



Mtoto akizaliwa hospitalini nchini Kenya huchanjwa BCG kwenye mkono wa kushoto kumkinga na kifua kikuu. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada alieleza kwamba chanjo hiyo hiyo, ikiwekwa ndani ya kibofu cha mkojo, huamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Ni ajabu, lakini dawa ya mtoto mchanga humtibu na babu yake.

Mgonjwa huwekewa dawa kwa mpira wa mkojo mara moja kwa wiki, kwa wiki 6. Mkojo kuchoma na homa ndogo ya siku moja au mbili ni kawaida.

Lakini BCG ni vijidudu hai, japo vimedhoofishwa. Kibofu kikiwa na kidonda, au mpira ukikwaruza njia ya mkojo, vinaweza kuingia kwenye damu na kufika kwenye ini. Ndiyo sababu mkojo ukiwa na damu, dawa huahirishwa. Wanaougua ini hivyo ni wachache, ila wengine hufa. Dalili huja hata miezi kadhaa baadaye: homa inayorudi, jasho la usiku, kukonda, kisha macho kuwa manjano.

Homa kama hiyo ni rahisi kuitwa malaria au taifodi pale kwenye kemisti. Macho yakiwa manjano, lawama huangukia miraa na pombe. Kipimo cha makohozi nacho kinaweza kukosa kitu, kwa sababu ugonjwa haupo mapafuni.

Kwa hiyo mgonjwa amwambie kila daktari kwamba aliwekewa BCG kwenye kibofu, hata kama ni mwaka jana, na aende na kadi yake. Daktari akijua hilo atapima ini, na huenda akaanzisha dawa za TB za miezi kadhaa. Hata hapo achague kwa makini: pirazinamidi, iliyo ndani ya tembe za kawaida za TB, haiui vijidudu vya BCG na inaweza kuliumiza ini zaidi.

Homa ikipita nyuzi 38.5, au ikizidi siku mbili, mgonjwa asingoje tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, na asiwekewe dozi nyingine kabla ya kupimwa.