Kifuu Kiwapo Chungu

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoupitisha, mnamo mwaka 1989, Mkataba wa Haki za Mtoto, halikusahau kuitaja, katika ibara ya 31, haki ya mtoto kucheza; na jambo hili, kwa sisi watu wazima tulio wepesi wa kuuhesabu mchezo kuwa ni upuuzi, lastahili kutafakariwa.

Mwanazuoni wa Kirusi, Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933, alibainisha kwamba mtoto apandaye fimbo na kuifanya farasi huwa ameanza kutenganisha maana na kitu chenyewe, na hiyo si hatua ndogo katika safari ya akili. Tena, binti ajifanyaye mama, akapakata kitambaa kilichofungwa kuwa mwanasesere, hujitia kwa hiari yake katika kanuni na subira ambazo kwa amri yetu asingezitii hata kidogo. Wenye watoto wanafahamu.

Wala haimlazimu mzazi kukimbilia dukani. Mwanasesere wa plastiki, aimbaye kwa betri, humwachia mtoto kazi ya kutazama tu, ilhali vifuu, makopo, khanga kuukuu na mchanga wa uani humtaka aumbe kila kitu mwenyewe. Mzazi na atoe nafasi, avumilie fujo, ajizuie kusahihisha. Na akikaribishwa wali wa mchanga, aketi mkekani, anawe mikono, kisha aulizie na mchuzi.