Risala ya Mwenyekiti: Sisi na Randa



Mambo ya hisa na mikopo mtunza hazina ameshayasema, hatuyarudii. Tunaomba tuseme juu ya useremala, maana wengi mnauliza, ati hawa kina mama wa Mafinga wanafuata nini kwenye vumbi la mbao?

Ilianza na sanduku. Mwaka 2015 fedha zetu zilikaa kwenye ndoo yenye mfuniko, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tulitaka sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kama vikundi vingi vya namna yetu. Tukamlipa fundi mmoja nusu ya fedha. Miezi minne tukawa tunaambiwa kesho. Sanduku hatukuliona, fedha haikurudi. Baadhi yetu wakataka kujitoa: uongozi umeshindwa kununua sanduku, utaweza kutunza akiba? Hapo mwenzetu mmoja, mjane wa seremala, akasema zana za marehemu ziko chini ya kitanda: msumeno, randa, nyundo na patasi mbili. Basi, tukaamua kutengeneza wenyewe.

Jamani, kuni tulizijua, mbao hatukuzijua! Msonobari hapa kwetu si wa kutafuta, Sao Hill ni jirani, nasi tukanunua mbao mbichi kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Siku ile sanduku lilipendeza. Baada ya wiki tatu mfuniko umejikunja kama chapati, kufuli ya katikati haifiki kwenye tundu lake. Tulicheka mpaka machozi, na wengine machozi yale hayakuwa ya kicheko.

Mzee mmoja fundi mstaafu akatuelekeza. Mbao ikikauka hupungua kwa upana kuliko kwa urefu, ndiyo maana ubao mpana hujipinda. Zipangwe kivulini, zisiguse ardhi, na katikati ya ubao na ubao viwekwe vijiti ili upepo upite. Randa nayo isukumwe kufuata nyuzi za mti. Ukienda kinyume inanyofoa. Kwa sanduku la pili tulisubiri miezi mitatu. Ndilo lile pale mezani, limefungwa.

Kazi ikaisha, lakini Jumamosi baada ya kikao tukajikuta tumekaa tena na mbao. Tukatengeneza vigoda, vibao vya kukatia mboga, kabati la vyombo. Wengi wetu tumeshapita miaka 50, na mtu wa kwanza kutusifu alituuliza tunauza bei gani. Hatuuzi. Mwaka 2022 tulibishana kikao kizima kama tuugeuze mradi, tukakataa: misumari, gundi na msasa kila mtu anachanga mwenyewe, akiba haiguswi. Wapo wanaonung'unika mpaka leo. Lakini kila tunachoshika huwa ni cha watoto au cha marejesho, hiki tukakiacha kiwe chetu.

Yule mwenzetu mjane hataki mpini wa randa ubadilishwe. Umelika mahali pa dole gumba la marehemu, na lake sasa linakaa hapo hapo.

Meza ya chakula mnayoiona ni kazi yetu ya mwaka huu. Mguu mmoja umepungua kidogo, tumeuwekea kibanzi. Tunaomba watoto wasiuchezee. Karibuni mezani.