Ua Moja kwa Kila Mhitimu

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, Igawa, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya maua ya mahafali na dansi ya kuagana. Najua wapo watakaocheka kwamba mtumishi wa serikali amesafiri siku nzima kuja kuzungumzia maua. Lakini jambo hili lina aibu ndani yake, nami nitaanza na aibu hiyo.

Siku ya mahafali yangu jamaa waliingia na mashada ya nailoni yenye kumetameta, yale yanayouzwa getini, wakawavisha watoto wao. Rafiki yangu mmoja alivishwa saba, hata kidevu kikafichika. Mimi sikuvishwa hata moja. Mama alikuwa akimwuguza mdogo wangu, na nauli haikuwapo. Usiku dansi ilipoanza, ilitosha kutazama shingo za watu kujua nani ana ndugu na nani hana. Nilisimama karibu na mlango ule pale, nikasingizia kuumwa kichwa.

Kwa hiyo mwaka 2023, chama chetu kilipoamua kwamba kila mhitimu apewe ua moja na shule, niliomba kazi ya kuagiza niifanye mimi. Nikaiharibu. Niliagiza mawaridi mekundu kutoka Dar es Salaam kwa simu, nikayachagua kwa kutazama picha tu. Yalisafiri usiku kucha ndani ya boksi, kwenye buti la basi, bila maji. Tulipoyafungua hapa, mengi yalikuwa yameinamisha vichwa na kingo zimekuwa nyeusi. Yaliyosalia hayakutosha nusu ya darasa. Mwalimu wa zamu akaniuliza, "Sasa tuwape akina nani?" Swali hilo lilinirudisha pale mlangoni. Hatukumpa mtu, tukayapanga kwenye meza kuu.

Ndugu zangu, tangu hapo nimejifunza mambo matatu.

La kwanza ni mahali. Igawa iko katika bonde la Usangu, nchi ya mpunga na joto, na waridi likishakatwa hutaka baridi. Wakulima wa Arusha, na wa Naivasha nchini Kenya, huyapoza mawaridi yao katika vyumba vya baridi kabla ya kuyapeleka Ulaya. Sisi hatuna vyumba hivyo, basi hatuna budi kufupisha njia. Tuagize Njombe au Mbeya, kwa mtu anayeyaotesha mwenyewe.

La pili ni msimu. Mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa Novemba, wakati wa kiangazi. Mwenzetu mmoja alishauri tukachume Kitulo, kule wanakokuita Bustani ya Mungu. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na kuchuma huko ni kosa. Tena maua yake hushamiri wakati wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili. Mwingine alitaja pareto. Hilo ni zao la mkulima, hukaushwa likatengenezewa dawa ya wadudu, na baadhi ya watu huwawasha ngozi. Tuliache shambani.

La tatu ni uagizaji wenyewe. Agiza wiki mbili kabla, kwa maandishi: idadi, rangi, siku na saa. Hesabu wahitimu, usihesabu meza. Kwa kila kumi, agiza kumi na moja. Yakatwe alfajiri, yakiwa matumba yaliyoanza kulegea, yasafiri yamesimama ndani ya ndoo yenye maji. Yakifika, kata tena ncha za vikonyo kwa mshazari, ondoa majani yatakayozama majini, uyaweke kivulini. Usiyaweke karibu na ndizi mbivu, maana hewa itokayo kwenye ndizi huzeesha ua upesi.

Mwaka 2024 tulifuata utaratibu huo. Mwalimu wa darasa alimbandika kila mhitimu ua kifuani kwa pini, akifuata orodha ya majina, kabla jamaa hawajaingia. Mashada yalikuja baadaye, nasi hatukuyakataza, kwani furaha ya mzazi haikatazwi. Lakini usiku ule bwaloni hakuna aliyekuwa na kifua kitupu. Nilimwona kijana mmoja asiye na shada hata moja akicheza katikati ya wenzake, mkono ukigusagusa ua lake lisije likaanguka.

Ndugu Mwenyekiti, mfuko wa maua wa mwaka huu haujatimia. Karani wa chama ameketi mlangoni na daftari. Ninyi vijana hatuwadai fedha. Tunawaomba ndoo safi, na mikono ya kuyapokea maua basi litakapofika.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.