Dira, Sumaku ya Ardhi na Kibla



Katika pwani yetu, toka Mombasa hata Unguja, kibla kimeelekea takriban kaskazini barabara. Kwa hiyo watu wajengapo msikiti huenda wakaweka dira chini na kuifuata sindano yake. Hapo ndipo ugomvi huzuka, kwani dira mbili zaweza kuhitilafiana katika uwanja mmoja.

Tujue basi kinachoivuta sindano. Kiasi cha kilomita 2,900 chini ya miguu yetu kipo chuma kilichoyeyuka, kilichochanganyika na nikeli. Chuma hicho hutiririka kwa nguvu za joto na za mzunguko wa dunia. Mwendo wake huzaa umeme, na umeme huzaa sumaku. Wala sumaku hiyo haitulii. Ncha yake ya kaskazini, aliyoifikia James Clark Ross huko Kanada mwaka 1831, leo imehamia Bahari ya Aktiki, upande wa Siberia. Tena miamba yenye madini ya chuma, hata nondo za zege, huipotosha sindano.

Basi dira isahihishwe kwa hesabu, iwekwe mbali na chuma, kisha ipimwe kwa jua. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa zetu, jua huwa juu ya Makka. Alielekeaye jua wakati huo ameelekea kibla.

Msingi wa msikiti hudumu vizazi. Tusubiri tupime, wala ndugu wasihasimiane kwa sababu ya sindano.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.