Nyumba inayopokea wageni: maneno tuliyosema kwa wanachama huko Baraka



Leo tulitaka tuzungumze juu ya nyumba. Hatusemi mabati na matofali, hayo tumeyasema sana. Tunasema kazi ya mama ya kila siku: kufagia kiwanja mbele jua halijapanda, kusiriba ukuta mvua ikishaula, kuosha sufuria, na bado mgeni akipiga hodi akute mahali pa kukaa. Kazi hii haimo katika ripoti yoyote ya shirika. Sisi tunaotembea nyumba kwa nyumba, tunaona kwamba ndiyo inayobeba kurudi kwetu.

Wengi wenu mlikimbia Fizi mwaka 1996 na 1998. Mlikaa Lugufu, wengine Nyarugusu. Tangu 2005 mashua zilianza kuwarudisha kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, na mwaka 2009 Lugufu ikafungwa. Kambini maisha yalikuwa magumu, lakini yalikuwa na mpango wake: siku ya posho inajulikana, bomba liko pale, na jirani naye ni mkimbizi kama wewe. Hapa mama anajipangia mwenyewe, mbele ya macho ya wale waliobaki. Na kuna maneno yanayosemwa: hawa wa Tanzania wamezoea kupewa. Ndiyo maana mama mwingine anafagia mara tatu kwa siku. Tunamuelewa.

Sasa tuhesabu kidogo. Kipimo ambacho mashirika yanafuata ni litre 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Nyumba ya watu 8 inahitaji litre 120, ni bidoni 6 za litre 20. Familia nyingine ya watu 5 ikifika kutoka ng'ambo, haina kiwanja, mkaipokea, inaongezeka litre 75. Jumla ni karibu bidoni 10, na bidoni moja ikijaa ina kilo 20. Nani anazibeba? Mama na wasichana wake. Wafadhili wetu, kiti cha vifaa mnachotoa kinaenda kwa familia iliyofika. Ni vizuri, tunashukuru. Lakini familia iliyoipokea haipati hata bidoni moja, na sufuria yake ndiyo inayopikia watu 13. Tunaomba mama anayepokea naye aandikwe katika orodha.

Tuje kwenye jambo lenye shida, kwa sababu linagusa heshima. Sisi watu wa ziwa tuko na kolera. Haiji kama mgeni, inakaa hapa, mvua ikianza inaamka. Na desturi yetu ya kupokea watu inaweza kuibeba bila mtu kujua. Bugali ikiiva, sombe na ndakala zikiwa mezani, beseni moja la maji linazungushwa. Baba mkubwa ananawa, anamfuata mgeni, wanafuata vijana, na mtoto wa mwisho anaingiza mikono katika maji ya watu wote. Hakuna anayetaka kuonekana anamdharau mgeni, kwa hiyo wote wananawa mule mule.

Hatusemi muache kunawa pamoja. Tunasema maji yamiminwe. Mtoto ashike kikombe au birika, amwagie kila mtu mikononi, maji yaangukie katika beseni. Sabuni ikikosekana, majivu safi yanasaidia. Wazee wengine waliotusikia walisema kumwagiwa maji ni heshima kubwa kuliko kuingiza mikono katika beseni, na sisi tulifurahi sana, maana tulikuwa tumejiandaa kwa ubishi! Maji ya kunywa nayo yakae katika chombo chenye kifuniko, na vikombe viwe viwili, kimoja cha kuchotea, kingine cha kunywea. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi.

Na baba, msikae kimya hapo. Kichanja cha kuanikia vyombo ni miti minne na fito chache. Ni kazi ya nusu siku. Tumeona nyumba ambamo mama anaosha vyombo vizuri kabisa, halafu anavipanga chini pale mbuzi anapopita, kwa sababu kichanja kimeahidiwa tangu wakati wa mihogo ya mwaka jana.

Kuna watu wanapenda mashindano ya usafi, nyumba ya kwanza inapewa zawadi. Sisi hatuyapendi sana. Anayeshinda ni yule mwenye mabati na mume mwenye nguvu. Mama mjane aliye chini ya bashi anashindwa kabla ya kuanza, na anaona haya. Haya hiyo tumeiona katika mikutano yetu. Zamu ya kupokea chama ikimfikia mama asiye na viti, anatuma neno kwamba anaumwa. Mara ya pili anaumwa tena. Mara ya tatu hatoi mchango wake, na siku akifiwa tunamsikia kwa watu wengine. Chama cha kusaidiana kinampoteza mtu kwa ajili ya viti.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo. Pesa iliyo katika sanduku inunue kwanza viti vya plastiki, mikeka miwili na sufuria kubwa moja, viwe vya chama. Vitembee pamoja na zamu, na kwenye matanga vitolewe bure. Wengine wanataka pesa ile ikopeshwe kwa biashara ya samaki, nao wana sababu nzuri. Tujadiliane. Ila mama wawili waliokosa zamu mwezi huu waitwe wasikilizwe kwanza, na waende kuwaita mama wenzao, si sisi wa shirika na vitabu vyetu mkononi.

Mwenye chumba kitupu kwa familia itakayovuka, amwambie katibu kabla ya mkutano ujao.