Ndege Njema, Ndege Mbaya: Msamiati wa Uaguzi Kisiwani Pemba



Katika Roma ya kale, jambo kubwa la dola halikuanzwa kabla ya kutazamwa ndege. Kilatini kiliita kazi hiyo auspicium, neno lililoundwa kwa avis, yaani ndege, na kitenzi chenye maana ya kutazama. Husimuliwa kwamba mwaka 249 KK jemadari Publius Claudius Pulcher aliambiwa kuku watakatifu wamekataa kula. Akawatosa baharini, akapigana huko Drepana, akashindwa.

Kiswahili nacho, bila ya kuazima kwa Warumi, kimempa ndege maana ya ishara. Kiumbe ni "ndege mwema". Fali ya heri ni "ndege njema". Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana. Katika "ndege mbaya" sarufi hunyamaza, na msikilizaji huachiwa muktadha.

Pemba, ambayo sifa yake ya uganga ilimfikia hata Evelyn Waugh akaiandika mwaka 1931, ina pia istilahi zilizokuja na elimu ya Kiarabu. Ramli asili yake ni mchanga. Mpiga ramli huchora alama pasi na kuzihesabu, kisha huzipunguza mbilimbili hadi ibaki moja au mbili. Safu nne hufanya umbo moja, na maumbo yote ni 16. Mwenye falaki hujumlisha thamani ya herufi za jina la mtu na la mama yake, akagawa kwa 12. Baki humwonyesha nyota. Asemaye kuwa nyota za wachumba hazipatani anatumia lugha ya hesabu hiyo.

Tofauti na Roma ni kubwa: kule aliyeuliza hasa alikuwa dola, hapa mara nyingi ni mgonjwa, msafiri au aliyeibiwa.

Leo yote haya hufunikwa kwa neno moja, ushirikina. Hukumu ya kidini tuwaachie wenye elimu yake, nao wengi wameikataza ramli. Lakini mwanakamusi anayefasili fali, ramli na falaki kwa neno hilo hilo moja hajafasili kitu. Kulieleza neno si kuliamini. Wanafunzi, waulizeni wazee wa Wete na Chake Chake wangali hai, mwandike kila neno kwa maana yake.